Nasi wa Kiume Wadini: Aibu Isimgharimu Mgonjwa

Makosa mengi ya nasi wa kiume, yaani muuguzi mwanamume, huanzia kwenye aibu. Mama wa miaka hamsini amekuja na maumivu ya kifua, anapimwa umeme wa moyo, na nasi kwa kuogopa kugusa titi anabandika elektrodi juu yake badala ya chini. Karatasi inatoka kana kwamba moyo uliwahi kuumia upande wa mbele, na mama anaanza kutafutiwa ugonjwa asio nao. Kwingine mzazi amejifungua saa moja iliyopita, blanketi limemfika kifuani, nasi anaona haya kulifunua aangalie pedi, na damu inazidi kukusanyika chini ya makalio bila mtu kujua.

Kwa hiyo hapa hatutahangaika na mashangazi wanaouliza kwa nini ulichagua kazi ya wanawake. Watazoea, na siku mmoja wao akilazwa, wewe ndiye utakayepigiwa simu ya kwanza. Shida kubwa iko mikononi: unaanzaje, unagusa vipi, unasema nini, unaandika nini. Wauguzi tisa kati ya kila kumi duniani walikuwa wanawake, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2020, na taratibu nyingi za wadini zinakwenda kwa kudhani kwamba aliyeshika trei ni mwanamke. Mwanamume inabidi ajiongezee hatua kadhaa.

Kabla ya ripoti ya asubuhi

Anza na ndevu. Barakoa ya N95 haizibi juu ya ndevu. Hewa hupita pembeni na unavuta kila kilichomo wadini. Kifua kikuu hakikai hospitali ya Mbagathi peke yake. Mgonjwa anayekohoa anaweza kulala siku tatu katika wadi ya kawaida kabla majibu ya makohozi hayajarudi. Masharubu mafupi yanayobaki ndani ya barakoa hayana neno, lakini nywele za taya na kidevu zinazopita chini ya ukingo wake zinaharibu kila kitu, hata zikiwa za siku mbili. Nyoa siku ile ile ya zamu. Ukishaivaa, ifunike kwa viganja vyote viwili upumue nje kwa nguvu. Hewa ikikupiga machoni, bana upya chuma cha puani. Ikitokea mashavuni, vuta mikanda nyuma zaidi. Barakoa ya kawaida ya upasuaji haichukui nafasi yake.

Kucha ziwe fupi, saa na pete zibaki nyumbani au kabatini, na manukato yasikufuate kazini. Mjamzito mwenye kichefuchefu atakuchukia kabla hujafungua mdomo.

Beji yako ionyeshe jina na neno MUUGUZI kwa herufi kubwa. Nairobi mwanamume yeyote aliyevaa skrabu huitwa daktari, na dada aliyesimama kando yake, hata akiwa daktari bingwa, ataitwa sista. Sahihisha hapo hapo: "Mimi ni nasi wako, daktari atapita saa nne." Ukinyamaza, mgonjwa atakueleza mambo akiamini yameshamfikia daktari, ndugu zake watachukua neno lako kuwa ndilo uamuzi wa matibabu, na siku mambo yakiharibika itasemekana ulijifanya daktari.

Jambo jingine ni chumba cha kubadilishia nguo. Vituo vingi vidogo vina kimoja tu, na wanaokitumia karibu wote ni wanawake. Usikimbilie choo cha wagonjwa. Unatoka na vijidudu kwenye nguo ulizovaa muda huo. Mwombe msimamizi wa wadi komeo la ndani na kadi ya pande mbili mlangoni, upande mmoja umeandikwa wanaume wamo, wa pili wanawake wamo. Gharama yake haifiki hata nauli ya siku.

Hodi ya pazia

Pazia la kitanda ni mlango wa mtu. Simama nje, sema "hodi mama", kisha subiri akuitikie. Wengi hupiga hodi huku mkono umeshafungua pazia, na hiyo haihesabiki. Ukishakaribishwa, taja jina, kazi yako, unachotaka kufanya, utagusa wapi, atafunua nini, na itachukua muda gani. Kwa mfano: "Mama Achieng', mimi ni nasi, naitwa Brian. Daktari ameagiza uwekewe mpira wa mkojo. Utavua chupi na kukunja magoti, mengine yote yatabaki yamefunikwa. Ni kama dakika kumi. Sista atakuwa hapa na sisi. Ungependa nikuwekee mimi au akuwekee yeye?"

Swali hilo la mwisho liulize tu kama huyo sista yupo na ana nafasi. Kumpa mgonjwa chaguo lisilokuwepo, kisha kurudi kumwambia ameenda chakula cha mchana, ni vibaya kuliko kutouliza kabisa.

Kwa jina la kumwita, "mama" halikosei kwa mtu mzima, "shosho" linafaa ukishasikia wenyewe wanamwita hivyo, na msichana wa miaka ishirini mwite dada au kwa jina lake. "Mrembo" na "mpenzi" yaache nje ya geti, hata kama wenzako wa kike wanayatumia na hakuna anayelalamika. Wewe yatakuponza.

Mtu wa tatu awepo kila unapofunua sehemu za siri, matiti au makalio. Anayefaa zaidi ni mfanyakazi mwenzako wa kike anayejua hatua sahihi ni zipi. Ndugu wa mgonjwa anaweza kumtuliza, lakini hawezi kusema kama ulifanya inavyotakiwa. Mume naye ni suala la kupima: mwanamke mwingine hawezi kukuambia mbele yake kwamba anaumia, wala kwamba alitoa mimba mwaka jana. Huyo mtu wa tatu asimame upande wa kichwani, mahali anapoona mikono yako pamoja na uso wa mgonjwa. Akiwa nje ya pazia anachati, hayupo.

Zamu ya usiku ndipo mpango huu huvunjika, maana mko wawili kwa wadi nzima. Dawa yake ni kukusanya kazi. Baada ya kupokea ripoti, orodhesha wanawake wote wanaohitaji kuoshwa, kubadilishwa pedi, kuwekewa mpira au kuangaliwa kidonda cha paja, mkubaliane na mwenzako saa moja ya kuwapitia wote kwa mkupuo. Ukimwita mara sita usiku kucha, mara ya saba hatakuja, na huwezi kumlaumu.

Umeme wa moyo kwa mwanamke

Kipimo hiki kina elektrodi kumi, nne za mikono na miguu na sita za kifuani, zinazoitwa V1 hadi V6. Mwombe avue sidiria pazia likiwa limefungwa, wewe ukiwa nje, alale chali na leso au gauni la hospitali juu ya kifua. Halafu funua kidogo kidogo unapofika.

Anza mahali pasipogusa titi. Telezesha kidole kutoka chini ya koo ukishuka juu ya mfupa wa kidari hadi ukutane na kituta kidogo. Ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni nafasi ya pili. Hesabu ukishuka hadi ya nne. V1 inakaa kwenye nafasi hiyo ya nne kulia mwa kidari, V2 kushoto. Ruka V3 kwanza, nenda V4: nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Ndipo V3 iwekwe katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zifuate usawa ule ule wa V4, moja kwenye mstari wa mbele wa kwapa, nyingine katikati ya kwapa.

Kuanzia V4 ndipo titi linapokuwa njiani. Mwambie, "Naomba uliinue titi la kushoto kwa mkono wako," na mara nyingi atafanya bila shida. Asipoweza, kwa mfano hana fahamu, vaa glavu na uliinue kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja. Elektrodi ikae chini ya titi, kwenye ubavu. Futa jasho na mafuta kwa shashi kabla ya kubandika, maana losheni ya nazi inaling'oa bandiko kabla hujawasha mashine. Kisha rudisha leso, nyaya zitokee chini yake. Karatasi yenyewe inarekodi sekunde kumi tu, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kulala kifua wazi wakati unatafuta kalamu.

Kosa la pili linalojirudia ni V1 na V2 kupanda hadi nafasi ya pili, karibu na koo, kwa sababu ile ile ya kukwepa kifua. Ukiona karatasi ya ajabu kwa mgonjwa asiye na dalili, angalia elektrodi zako kabla ya kumwamsha daktari.

Mpira wa mkojo

Kwa mwanamke mzima chukua namba 12 au 14, puto la mililita 10, na ulijaze kwa maji safi ya sindano, si chumvi, kwa sababu chumvi inaweza kuganda ikaziba njia ya kulitolea maji na puto likakataa kushuka. Alale chali, visigino pamoja, magoti yaanguke nje. Lete taa. Wanaokosa njia mara nyingi hawakukosa ujuzi, walikosa mwanga, na nasi mwenye haya huongeza tatizo kwa kutazama pembeni.

Safisha kutoka mbele kwenda nyuma, pamba moja kwa mfuto mmoja. Mkono usio wa kazi ufungue mashavu ya uke na usiyaachie tena hadi mwisho, kwani mkono huo sasa si safi na ukiachia itabidi uanze upya. Mlango wa mkojo uko kati ya kisimi na mlango wa uke. Kwa shosho aliyekoma hedhi miaka mingi unaweza kuwa umeingia ndani kidogo, kwenye ukuta wa mbele wa uke. Mwinue makalio kwa mto na utafute tena. Mpira ukiingia sentimita 5 hadi 7 mkojo utatoka. Sukuma sentimita 3 hadi 5 zaidi ndipo ujaze puto. Akilalamika maumivu wakati wa kujaza, toa maji yote, sukuma zaidi, ujaribu tena. Mkojo usipotoka kabisa, huenda umeingia ukeni. Usiuchomoe: uache hapo uwe alama ya njia isiyo yake, ufungue mpira mwingine mpya. Mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu.

Kwa wanaume mambo yanageuka. Kila mpira wa mwanamume wadini utaitiwa wewe. Nenda, lakini nenda na aliyekuita, afanye yeye ukiwa kando, vinginevyo siku haupo mzee atakaa na kibofu kimejaa hadi asubuhi. Mambo mawili yanayoharibika hapa: la kwanza ni kujaza puto mara tu mkojo unapotokea. Kwa mwanamume mpira uingie hadi kwenye njia panda yake, pale mirija miwili inapoachana, ndipo ujaze. Puto likivimba ndani ya mrija damu itatoka na njia inaweza kuja kuziba kwa kovu. La pili, kwa asiyetahiriwa, rudisha govi mbele ukimaliza. Likiachwa nyuma linavimba, linabana, na kufikia jioni ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Sindano

Tako limezoeleka mno bila sababu ya maana. Linamvua mgonjwa nguo na liko karibu na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Depo, sindano ya kuzuia mimba, ni mililita moja tu na inaingia vizuri begani. Dawa ya ujazo mkubwa peleka ubavuni mwa nyonga: weka kiganja juu ya mfupa wa nyonga unaojitokeza pembeni, kidole cha shahada kielekee ncha ya mbele ya kiuno, cha kati ukipanue nyuma, na sindano iingie kwenye pembe kati ya vidole hivyo. Kwa mama wa Eastleigh aliyejifunika dera hadi chini, sehemu hiyo inafikika kwa kushusha kiuno cha gagulo kidogo tu.

Leba

Mafunzo ya uuguzi Kenya yanachanganya ukunga, kwa hiyo hakuna mwanamume atakayeikwepa leba, iwe Pumwani, ambayo imekuwepo tangu 1926, au kituo cha afya cha mtaani. Wazazi wengi humpokea nasi wa kiume bila shida, wengine husema wazi kwamba ana subira kuliko wanawake. Isiwe sababu ya kuvimba kichwa, maana wengine wananyamaza tu kwa sababu wana uchungu.

Kupima njia kwa vidole kunafanywa kila saa nne katika uchungu uliokolea, labda kuwe na sababu nyingine ya kupima mapema. Wanafunzi watatu kumpima mama mmoja kwa zamu ili wajifunze ni maambukizi na ni dharau. Omba ruhusa kila mara, hata kama alikubali asubuhi, na uiombe uchungu ukiwa umetulia. Akisema ngoja, toa mkono. Ukimaliza mwambie ulichokuta kabla ya kumwambia mtu mwingine: "Umefika sentimita sita, mtoto anashuka vizuri."

Baada ya mtoto kutoka, oksitosini yuniti 10 iingie msulini ndani ya dakika moja. Kisha kwa saa mbili za kwanza, kila dakika 15 unaangalia mapigo, presha, tumbo la uzazi na damu. Hapa ndipo aibu inapoua. Blanketi lifunue kutoka miguuni kwenda juu, kifua kibaki kimefunikwa. Sema, "Mama, naangalia damu," tazama pedi, halafu mwombe ageuke kidogo uone chini ya makalio, kwa sababu akilala chali damu hutiririka nyuma na pedi ya mbele inaweza kubaki karibu kavu. Bonyeza tumbo usawa wa kitovu: liwe gumu kama nazi. Likiwa laini, lisugue papo hapo, paza sauti uitiwe watu, na uhakikishe kibofu ni kitupu. Pedi inayolowa kabisa chini ya dakika tano ni dharura. Damu ikifika mililita 500 umeshachelewa kuita. Kwa hiyo ita kabla.

Kunyonyesha hakuhitaji mkono wako kwenye titi. Kunja taulo iwe umbo la mtoto, onyesha kwa kifua chako mwenyewe, kisha mama afanye kwa mikono yake. Wewe tazama dalili nne: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ikikosekana moja, mama aingize kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto kuvunja mvuto, amtoe, aanze tena. Akimvuta tu, chuchu itapasuka.

Akikukataa

Atakukataa mtu, na ana haki. Sababu inaweza kuwa dini, mume, au jambo lililowahi kumpata ambalo halikuhusu. Usibishane wala usiulize kwa nini. Sema, "Hakuna shida, nitamwita mwenzangu," na uangalie saa. Kubadilishana wagonjwa ni kawaida: yeye achukue kitanda cha nane, wewe umchukulie cha kumi na moja. Kama kwa siku moja umekataliwa mara tatu, mweleze msimamizi akupangie upande mwingine, bila kulifanya kesi.

Ugumu unakuja pale mwenzako hayupo. Hapo tenga kinachoweza kusubiri na kisichoweza. Kuosha kunaweza kusubiri hadi zamu ibadilike. Damu inayomwagika haisubiri. Mweleze kwa sentensi moja kwamba maisha yake yako hatarini na hakuna mwingine, mpe nafasi akubali, uendelee na mtu wa tatu yeyote aliyepo, hata mhudumu wa usafi. Mwenye akili timamu akikataa kabisa hata hivyo, daktari aitwe na maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema.

Aliyebakwa anahitaji uangalifu wa aina yake. Muulize mwanzoni kabisa kama angependa kuhudumiwa na mwanamke, na kama yupo, mpishe. Lakini dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu, huku vidonge vya kuzuia mimba vikiwa na saa 120. Dozi ya kwanza isingoje nasi wa kike wa zamu ya kesho: kumpa mtu vidonge na maji hakuhitaji kumgusa. Kaa kwenye kiti cha chini kuliko chake, usikae kati yake na mlango, na usimguse bega kumfariji. Fomu ya P3 ni ya polisi na matibabu hayaisubiri. Namba ya 1195 inapokea simu za ukatili wa kijinsia bure. Mwandikie kwenye karatasi ndogo isiyo na kichwa cha habari, kwa sababu aliyemuumiza anaweza kuwa anamngoja nje.

Misuli si karo

"Njoo wewe mwanaume utuinulie huyu." Utaisikia kila zamu. Mgongo wako hauna jinsia, na wauguzi wengi waliostaafu wakiwa wamepinda walianza kwa kuwa wasaidizi wakarimu. Kanuni ni moja: hakuna mgonjwa mzito anayeinuliwa na mtu mmoja. Funga breki za kitanda, kipandishe hadi usawa wa nyonga zako, tandika shuka la kuvutia kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili kila upande kama ni mzito sana, mmoja ahesabu, na mvute kwa kuhamisha uzito wa miguu. Kitanda kikiwa kibovu hakipandi, pigeni goti moja juu yake badala ya kuinama.

Na mgonjwa mwenye fujo ni hivyo hivyo. Mwanamume anasukumwa mbele kama bawabu, iwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari au kwenye kitengo cha dharura Jumamosi usiku. Ukienda, simama mbali kiasi cha mikono miwili, upande kidogo badala ya uso kwa uso, mlango ukiwa nyuma yako. Aongee mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Mara nyingi mwanamke mwenye umri wa mama yake anamtuliza haraka kuliko kijana mwenye kifua kipana, ambaye uwepo wake tu unaonekana kama mwaliko wa kupigana. Lisemeni hilo kwenye kikao cha wadi kabla halijatokea.

Rota

Wanaume husukumiwa dharura, mifupa, chumba cha upasuaji na wagonjwa wa akili. Unaweza kupapenda huko, lakini ukikaa miaka mitano bila kugusa leba wala watoto, unapoteza mkono na unakosa nafasi za kazi zinazotaka ujuzi wa pande zote. Omba mzunguko kwa barua, taja wadi na mwezi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ombi la mdomo huyeyuka msimamizi akihamishwa.

Zamu za usiku nazo hurundikwa kwa wanaume, eti matatu za saa mbili usiku si salama kwa akina dada. Hoja ina ukweli wake, ila haifai kuwa yako kila wiki. Hesabu usiku wako wa miezi mitatu, linganisha na wa wengine, peleka namba badala ya malalamiko. Mtoto akizaliwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa baba wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili. Peleka ombi mapema, maana wadini pengo la baba hakuna anayelipanga.

Simu, mizaha na tuhuma

Namba yako binafsi usimpe mgonjwa. Atakayetaka kuulizia kidonda apewe ya wadi. Shukrani kwa M-Pesa irudishwe siku hiyo hiyo, na umwambie msimamizi. Mgonjwa akianza kukutania kimapenzi, jibu kwa kazi: "Nimekuja kukupa dawa ya saa sita." Kisha badilishana na mwenzako.

Mizaha ya chai nayo ina mpaka. Ukiwa mwanamume pekee kati ya wanawake kumi na wawili utasikia mengi kuhusu mwili wako na kama umeoa, na utaambiwa unajifanya ukilalamika. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inamlinda mfanyakazi dhidi ya usumbufu wa kijinsia bila kutazama jinsia yake, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi kuwa na sera iliyoandikwa. Omba kuiona. Mara nyingi ombi hilo peke yake linapoza maneno.

Kinga kubwa ya tuhuma ni faili. Maneno "mpira umewekwa, hali nzuri" hayatakusaidia mwaka ujao. Andika hivi: "Saa 4:20 asubuhi. Mgonjwa ameelezwa na kukubali kwa mdomo. Mpira namba 14, puto ml 10, mkojo ml 350 wa rangi ya majani ya chai. Alikuwepo," kisha jina la mwenzako na cheo chake, na sahihi yako. Akikataa, andika hivyo pia, pamoja na uliyemwita na saa aliyofika.

Mgonjwa akilalamika juu yako, usiende kitandani kwake kumwomba msamaha wala kujieleza, hata kama moyo unakuambia hivyo. Mweleze msimamizi, acha kumhudumia mgonjwa huyo kuanzia dakika hiyo, na uandike maelezo yako siku ile ile ukiwa bado unakumbuka nani alisimama wapi. Faili usiliguse tena. Kuongeza mstari baada ya lalamiko kunaonekana kama kughushi hata ukiwa wa kweli. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya nidhamu, mpigie mwakilishi wa chama cha wauguzi na uombe awepo kwenye kikao.